Emmy Noether: Gwiji wa hisabati aliyetimuliwa kwa sababu ya ukoo

Kama ulipitia sekondari hapa Kenya, kuna sentensi moja ya fizikia ambayo lazima uliikariri: nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika tu kutoka hali moja hadi nyingine. Mimi niliikariri Ndanai, kule kaunti ya Bomet, nikiwa na daftari mkononi na ng'ombe mbele yangu. Nikaiandika kwenye mtihani, nikapewa alama zangu, nikasahau.

Hakuna aliyeniambia kwa nini iko hivyo. Wala sikuambiwa kwamba aliyeonyesha kwa nini alikuwa mwanamke, kwamba wakati huo chuo kilikuwa hakimlipi hata senti, na kwamba miaka 15 baada ya kuichapisha kazi hiyo serikali ya nchi yake ilimfuta kwa karatasi moja.

Jina lake ni Emmy Noether. Einstein unamjua, hata nywele zake ziko kwenye fulana za Gikomba. Huyu pengine ndiyo mara yako ya kwanza kumsikia. Ilhali Einstein mwenyewe alimheshimu mno, na alipofariki aliandika barua kwa gazeti la New York Times kueleza ulimwengu umempoteza nani.

Alizaliwa Machi 23, 1882, katika mji wa Erlangen, kusini mwa Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Babake, Max Noether, alikuwa profesa wa hisabati katika chuo kikuu cha mji huo. Nduguye mdogo, Fritz, naye angekuja kuwa mwanahisabati. Lakini usidhani binti wa profesa alisukumwa kwenye hesabu tangu utotoni. La hasha. Alisoma lugha na kucheza piano kama wasichana wengine wa tabaka lake, na mwaka 1900 akafaulu mtihani wa ualimu wa Kifaransa na Kiingereza. Kazi ilikuwa tayari. Angeingia darasani, apate mshahara, maisha yasonge.

Badala yake aliomba kukaa nyuma ya darasa la chuo kikuu na kusikiliza. Nasema kusikiliza kwa sababu mwanamke hakuruhusiwa kusajiliwa kama mwanafunzi; ilimbidi aombe ruhusa kwa kila mhadhiri, na mhadhiri akikataa, basi. Katika chuo chenye wanafunzi 986, wanawake walikuwa wawili tu. Mwaka 1904, baada ya sheria kubadilika, akasajiliwa rasmi, na kufikia mwisho wa 1907 alikuwa amemaliza shahada ya uzamifu. Tasnifu yake ilikuwa orodha ndefu ya hesabu zaidi ya 300 zilizokokotolewa moja moja kwa mkono. Baadaye mwenyewe aliidharau kazi hiyo kabisa.

Sasa sikia haya, hasa wewe uliyemaliza chuo na unatembea na bahasha ya vyeti. Kuanzia 1908 hadi 1915 alifundisha Erlangen bila malipo. Miaka saba! Babake akiugua, alimshikia darasa. Jina lilibaki la baba, kazi ya binti.

Mwaka 1915 wakuu wawili wa hisabati duniani, David Hilbert na Felix Klein, walimwita Göttingen. Ili uelewe Göttingen ilikuwa nini, fikiria Iten. Ni mji mdogo tu, lakini mkimbiaji yeyote duniani anayetaka kujua mbio ni nini lazima afike Iten. Göttingen ilikuwa hivyo kwa hesabu. Gauss alifundisha hapo. Vijana walikuja kutoka Urusi, Marekani, Japani, wakilala vyumba vya kupanga, mradi wawe karibu na wakali hao.

Hilbert alikuwa amekwama. Einstein alikuwa anakamilisha nadharia yake mpya ya mvutano, na swali la nishati ndani yake lilikuwa linawasumbua wote. Walihitaji mtu aliyebobea katika fani ya Emmy. Lakini maprofesa wa idara nyingine za kitivo, wale wa lugha na historia, waligoma: mwanamke hawezi kuwa mhadhiri, askari wetu wakirudi kutoka vitani watajisikiaje wakifundishwa na mwanamke? Hilbert akatafuta njia ya panya. Mihadhara ikatangazwa kwa jina lake Hilbert, halafu anayeingia darasani ni Emmy. Ilikwenda hivyo kwa miaka kadhaa.

Ndipo alipopata lile jibu, akalichapisha mwaka 1918. Nitajaribu kulieleza kwa lugha ya nyumbani. Rusha jiwe leo pale uwanjani Ndanai. Kesho rudi, ulirushe vilevile, kwa nguvu ileile. Litaenda vilevile, sivyo? Sheria za maumbile hazijali kama ni Jumatatu au Alhamisi. Emmy alithibitisha kuwa hali hiyo ya sheria kutojali saa ndiyo inayofanya nishati isipotee. Halafu ondoka Ndanai, karushe jiwe hilo Mombasa. Bado sheria ni zilezile. Na huko kutojali mahali ndiko kunakofanya msukumo wa vitu vinavyogongana usipotee. Geuka, urushe ukiangalia upande mwingine. Hapo pia kuna kitu kinachohifadhika, kile kinachofanya pia izunguke bila kuanguka. Kwa ufupi, kila mahali ambapo maumbile yanabaki yaleyale licha ya wewe kubadilisha kitu, kuna akiba fulani isiyopungua. Wanafizikia hadi leo, wakitafuta chembe mpya ndani ya mitambo yao mikubwa, wanaanzia hapo.

Mwaka 1919, baada ya vita na baada ya mfalme wa Ujerumani kuondoka, hatimaye aliruhusiwa kufundisha kwa jina lake. Mwaka 1922 akapewa cheo cha uprofesa, cheo kitupu bila mshahara, ndipo baadaye wakamtengea malipo kiduchu. Hakuwahi kuwa profesa kamili pale.

Mwenyewe hakuonekana kujali. Alivaa nguo za kawaida, alikula kwa bei nafuu, alitembea kwa miguu masafa marefu akiwa na wanafunzi nyuma yake huku wakibishana hesabu. Akichangamka, pini za nywele zilimdondoka moja baada ya nyingine na asijue. Siku moja jengo la chuo lilifungwa kwa sababu ya sikukuu. Akawakusanya wanafunzi nje, wakatembea msituni hadi mkahawani, somo likaendelea. Mji mzima uliwajua kama vijana wa Noether. Hakuwa mwalimu rahisi, nikwambie ukweli. Alizungumza haraka, mawazo yakimtangulia, na mgeni alitoka darasani kichwa kikiwanga. Waliovumilia wakawa majina makubwa. Mmoja wao, Bartel van der Waerden kutoka Uholanzi, alichukua mafunzo ya Noether na ya Emil Artin akayaandikia kitabu kilichobadilisha jinsi aljebra inavyofundishwa vyuoni kote ulimwenguni. Ukisomea hesabu chuo kikuu leo, utakutana na vitu vinavyobeba jina la Noether kabla hujahitimu.

Septemba 1932, Zürich, kongamano kuu la wanahisabati wa dunia. Emmy Noether akasimama kutoa mhadhara mbele ya wote, mwanamke wa kwanza kupewa nafasi hiyo katika kongamano hilo. Mwaka huohuo yeye na Emil Artin walishinda tuzo ya hisabati Ujerumani. Ana miaka 50. Sasa, ungesema, ameshafika.

Miezi minne baadaye, Januari 30, 1933, Adolf Hitler akawa kansela.

Aprili 7 ikapitishwa sheria yenye jina tamu: Sheria ya Kurejesha Utumishi wa Umma wa Kitaaluma. Ukisikia jina ungefikiri wanapambana na ufisadi. Kifungu cha 3 ndicho kilichokuwa na sumu: mtumishi wa umma asiye wa uzawa wa Kiaria aondolewe. Na siku chache baadaye serikali ikafafanua kwamba nyanya au babu mmoja tu wa Kiyahudi alitosha. Hawakuuliza umefanya nini. Walidai vyeti vya wazazi na mababu.

Kwa kuwa maprofesa wa Ujerumani walikuwa wameajiriwa na serikali, kalamu moja iliwafikia wote. Aprili 25 chuo cha Göttingen kikapata orodha ya wanaosimamishwa. Emmy Noether yumo. Richard Courant, mkurugenzi wa taasisi ya hisabati, yumo, ingawa sheria ilidai kuwaachia waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia, na Courant alikuwa amejeruhiwa vitani akiipigania Ujerumani. Max Born wa fizikia yumo, naye baadaye angeshinda Nobel. Felix Bernstein yumo. Emmy alikuwa na madoa matatu machoni pao: Myahudi, mwanamke, na aliwahi kuwa mwanachama wa vyama vya mrengo wa kushoto. Hata nyumba aliyopanga hapo awali, wanafunzi waliokuwa wakiishi humo walimlalamikia mwenye nyumba, akahamishwa.

Wenzake wakaandika barua za kumtetea. Hazikusaidia. Yeye akafanya nini? Akahamishia darasa nyumbani kwake. Vijana wakaja wakaketi sebuleni, wakaendelea walipoachia. Kuna mmoja alikuja akiwa amevaa sare za wanamgambo wa Hitler, kahawia, na ukanda wake. Inasimuliwa kuwa Emmy alimkaribisha kama wengine, na baadaye akacheka tu. Mimi sijui ningefanyaje. Nadhani ningefunga mlango.

Si wote waliopata hata hiyo sebule. Edmund Landau, gwiji wa nadharia ya namba, alisazwa mwanzoni kwa sababu alianza kazi kabla ya 1914. Novemba 2, 1933, alifika kufundisha akakuta wanafunzi wake wamesimama mlangoni kuzuia wenzao wasiingie. Aliyewaongoza alikuwa mwanahisabati kijana mwenye kipaji kikubwa, Oswald Teichmüller. Wamesoma kwake, wanajua uzito wake, na bado wakamfungia mlango. Landau hakufundisha tena hapo. Ukinionyesha mtu anayedai elimu peke yake humfanya mtu kuwa mwema, nitamuonyesha mlango huo.

Katika muda wa miezi tu, taasisi iliyojengwa kwa vizazi ikabaki ganda. Inasimuliwa kwamba waziri wa elimu wa Wanazi alimuuliza mzee Hilbert hisabati inaendeleaje Göttingen baada ya Wayahudi kuondolewa, naye Hilbert akamjibu kwamba haipo tena.

Italia nako mambo yalikuwa yameshaanza. Mwaka 1931 Mussolini aliwataka maprofesa waape utii kwa utawala wa kifashisti. Kati ya zaidi ya elfu moja, waliokataa ni kama kumi na wawili. Mmoja alikuwa mwanahisabati Vito Volterra, akapoteza kazi. Mwaka 1938 sheria za rangi zikamwondoa Tullio Levi-Civita, ambaye hesabu zake Einstein alizitumia kujenga nadharia ile ile ya mvutano.

Hapa naomba unirudishe nyumbani kidogo, kwa sababu nikiwa mtoto wa Ndanai siwezi kuisoma tarehe hii bila kushtuka. Mwaka 1934, mwaka mmoja tu baada ya karatasi ya Emmy, serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha sheria ya kuwaondoa walaiboni. Ilihusu ukoo mmoja wa Kipsigis, Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho tunaowaita orgoiik. Huyu hapa ni ukoo wa Koitalel arap Samoei, aliyepigwa risasi mwaka 1905 kule Nandi. Nduguye, Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa orgoiyot wetu sisi Kipsigis, alikuwa amehamishwa kwa nguvu hadi Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, mwaka 1914, akafia huko. Lakini sheria ya 1934 haikumlenga mtu mmoja. Ililenga kila aliyezaliwa Talai. Wazee, akina mama, watoto wa mgongoni, zaidi ya watu 700, wakaondolewa Kericho na kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, nchi ya joto, mbu na mbung'o, ambako watu walikufa na ng'ombe wakaisha. Makampuni ya majani chai yalikuwa yameshapanda mizizi Kericho miaka ya 1920, na serikali haikutaka ukoo wenye sauti ubaki karibu. Waliporudi karibu na uhuru, hawakuwa na shamba. Wengine wao wanaishi hadi leo kwa kubanana mjini Kericho, na mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza hadharani wasiwasi wao kuhusu dhuluma hiyo.

Sisemi ni kitu kimoja. Wanazi walikwenda hadi kuua Wayahudi takriban milioni sita, na hilo halina mfano hapa. Nasema tu kwamba ukizichukua sheria hizo mbili ukafuta majina, swali la karani ni lilelile: babako ni nani? Na ajabu yenyewe ni kwamba koloni hilohilo la Kenya ndilo lililowapokea baadhi ya Wayahudi waliomkimbia Hitler. Mwanasheria mmoja Mjerumani, Walter Zweig, alifika mwaka 1938 akawa msimamizi wa shamba Rongai. Bintiye, Stefanie, baadaye aliyaandikia kitabu maisha hayo. Vita vilipoanza 1939, serikali ikawafungia wanaume wakimbizi hao kwa muda kwa kuwa walikuwa Wajerumani.

Turudi kwa Emmy. Wenzake walihangaika kumtafutia pa kwenda. Vijana waliokuwa wanafunzi wake wengine walipata vyuo vikubwa. Yeye, mwalimu wao, alipata nafasi ya muda katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa msaada wa fedha za wakfu wa Rockefeller. Alifika mwishoni mwa 1933. Hapo alimkuta mkuu wa idara ya hisabati, Anna Pell Wheeler, aliyewahi kusoma Göttingen, wakawa marafiki. Kwa mara ya kwanza maishani Emmy alikuwa na bosi mwanamke, na darasa la wasichana watupu. Akawatembeza kwa miguu kama alivyowatembeza wale wa Göttingen. Ilisemekana angekatiza shamba la mtu na kuparamia ua katikati ya hoja.

Mwaka 1934 akaanza kwenda kila wiki Princeton kutoa mihadhara katika taasisi aliyokuwako Einstein. Pamoja na Hermann Weyl, aliyekuwa naye Göttingen, alichangisha pesa za kuwasaidia wanahisabati wa Ujerumani waliofutwa kazi. Mwenyewe hakuwa na mkataba wa kudumu.

Katika kiangazi cha 1934 alifanya jambo ambalo wengine wangeliita wazimu. Alirudi Ujerumani. Akamtembelea Artin kule Hamburg, akafika Göttingen kukusanya vitu vyake vya nyumbani avitume Marekani. Wengi wa aliowajua walikuwa wameondoka. Akamwona pia nduguye Fritz. Naye alikuwa ameondolewa kazi, na hakupata nafasi upande wa magharibi. Alikuwa anafunga mizigo kwenda Tomsk, Siberia, ambako Wasovieti walimpa uprofesa. Ndugu hao wawili wakaagana, mmoja akielekea mashariki, mwingine magharibi.

Aprili 1935 madaktari wa Marekani walimgundua Emmy uvimbe tumboni. Akafanyiwa upasuaji. Siku za kwanza alionekana anapata nafuu, kisha joto likapanda ghafla, na Aprili 14 akafariki. Alikuwa na miaka 53 na alikuwa Marekani chini ya miezi 18.

Fritz alikuwa na yake. Novemba 1937, katika msako wa Stalin, alikamatwa akisingiziwa kuwa jasusi wa Ujerumani, nchi ileile iliyomfukuza kwa kuwa Myahudi. Alifungwa miaka 25. Septemba 10, 1941, majeshi ya Hitler yakisonga ndani ya Urusi, alipigwa risasi Oryol. Wanawe wawili walikuwa wamefika Marekani. Mmoja, Gottfried, akawa profesa wa takwimu. Ni mwaka 1988 ndipo Moscow ilipokiri kuwa baba yao hakuwa na hatia yoyote.

Wengine walibaki Ujerumani. Felix Hausdorff, profesa wa Bonn, aliyeandika moja ya misingi ya hisabati ya kisasa, alijaribu kutoka akakosa nafasi. Januari 1942 yeye, mkewe na shemeji yake waliamriwa kuhamia kambi. Kabla ya kuhamishwa, wote watatu walijiua. Otto Blumenthal, mwanafunzi wa kwanza wa Hilbert kupata shahada ya uzamifu chini yake, alifia katika kambi ya Theresienstadt mwaka 1944.

Emmy hakuzikwa Erlangen wala Göttingen. Majivu yake yako Bryn Mawr, chini ya kijia cha matofali kinachozunguka ua wa maktaba ya zamani. Wanafunzi hupita juu yake wakiwahi darasani.